Pima kwa Saa ya Kuvaa

Nimekabidhi ufunguo wa karakana. Nimekabidhi nyundo mbili za mbao, msumeno mwembamba, ule mti wa chuma tunaopigia pete, na kifungu cha pete za kupimia ambacho kina pete moja iliyopotea tangu zamani na hakuna aliyekiri kuipoteza. Ninyi mliobaki mezani mmeniomba niandike mambo ya kazi, na nadhani mlitegemea nitaandika juu ya moto na fedha. Moto na fedha mnavijua, tena mnavijua kuliko mimi kwa sababu macho yenu bado yanaona. Mimi nitaandika juu ya saizi.

Naandika juu ya saizi kwa sababu katika miaka yangu yote ya usonara hapa Karatu sikumbuki mteja aliyerudi kugomba eti fedha haikuyeyushwa vizuri. Wanarudi kwa kuwa pete imegoma kwenye kifundo cha kidole, au bangili haivuki kiganja, au mkufu umekaa kooni kama kamba ya ndama. Na kila anayerudi huanza na maneno yaleyale: "Fundi, ulinipima vibaya." Wengi wao sikuwapima kabisa. Walikataa kupimwa, wakataja namba waliyoisikia kwa shemeji, kisha wakanirudia mimi na hasira ambayo ilimstahili shemeji.

Nilianza kazi kwa Fundi Athumani, mtu wa Tanga aliyekuja huku juu akifuata barabara ya watalii. Alikuwa na chumba kimoja nyuma ya soko, na meza iliyoungua kila mahali isipokuwa pale alipowekea chai. Siku ya kwanza nilifika nimefunga kilemba vizuri, tayari kushika moto. Hakunipa moto. Alinipa kifungu cha pete za kupimia na daftari la shule, akasema, "Pima kidole chako cha pete. Andika namba, andika na saa. Ukimaliza, pima tena."

"Nimeshapima, fundi."

"Nimesema tena. Asubuhi ukiingia, saa nne, baada ya chakula, na jioni ukitoka. Wiki nzima."

Nikaona nimeangukia kwa mwendawazimu. Ilikuwa mwezi wa saba, ukungu unashuka kutoka ukingo wa kreta ya Ngorongoro mpaka huoni ng'ambo ya barabara, na asubuhi pete ya kupimia ilikuwa inanichomoka yenyewe. Saa nane jua likitoka, pete hiyohiyo ilikuwa inasimama kwenye kifundo. Siku niliyofua nguo za nyumba nzima haikuingia hata kidogo. Ijumaa Fundi Athumani akalichukua daftari, akalisoma akinywa chai, akaniuliza, "Haya, kidole chako ni saizi gani?"

Nikamwambia nimepata namba tatu tofauti.

"Basi mteja akikuuliza ukamtajia moja, utakuwa umemficha mbili. Muulize kwanza pete ataivaa lini. Pima kwa saa ya kuvaa."

Nililiona neno la mzee anayependa kusikilizwa. Sikulitilia maanani, na mwezi huohuo nilimpima mpishi wa loji ya watalii saa moja asubuhi, mikono imetoka kwenye maji ya baridi ya bombani. Pete ilimkaa kama imezaliwa naye. Siku ya tatu akaja amekifunika kidole kwa kitambaa, kidole chekundu kama nyanya, kwa sababu mtu huyo anashinda mbele ya jiko. Fundi Athumani aliikata ile pete kwa msumeno polepole, kijiko kikiwa katikati ya chuma na nyama. Alipomaliza alinipa vile vipande viwili nikae navyo mfukoni. Nilikaa navyo.

Sasa mambo ya mezani, nayasema kwa haraka kwa sababu nimeyasema mara nyingi na bado mnayakosea. Pete haipimwi kwenye shina la kidole tu; inapimwa kwenye kifundo, maana hapo ndipo inapopita. Wakulima wetu wa huku juu, watu wa jembe na plau, wana vifundo vikubwa na shina jembamba. Ukifuata kifundo, pete itazunguka ovyo. Ukifuata shina, haitafika. Dawa yake ni kufuata kifundo, kisha kuunga vitone viwili vidogo vya fedha kwa ndani, upande wa kiganja, viizuie isizunguke. Pete pana hubana kuliko nyembamba, kwa hiyo iongezeni kidogo, hata mteja akiapa kwamba namba yake anaijua. Bangili isiyofunguka haipimwi kwenye kifundo cha mkono, jamani. Mwambieni mtu akunje kidole gumba ndani ya kiganja kama anayeingiza mkono kwenye mtungi, ndipo mpime pale panapozidi unene. Bangili ya kufunga kwa kishikizo ndiyo inayofuata mkono wenyewe, ikiachwa nafasi ya kidole kimoja. Mkufu mpimieni mtu akiwa ameketi na akiwa amesimama, na muulizeni atauvalia nguo gani. Mkufu wa kuvalia gauni lenye kola si mkufu wa kuvalia kitenge.

Juu ya shanga sikufundishwa na Athumani. Nilifundishwa na Nashipai, mama wa Kimasai kutoka Ngorongoro aliyekuwa akitufungia bangili na mikufu ya shanga pale barazani. Hakuwahi kutumia futi. Alikushika mkono kwa vidole vyake viwili, akauachia, akaanza kutunga, na bangili ikakutosha. Nilimwuliza anajuaje. Akasema, "Nimekushika, si nimekushika?" Lakini usimwambie amtungie mtu ambaye hajamshika. Madereva wa watalii hawakulielewa hilo hata siku moja. Walisimamisha gari, injini inanguruma, mmoja anachungulia dirishani, anamwita mama kwa Kimasai:

"Yeyo, nifungie bangili kumi. Midiamu."

"Midiamu ya nani?"

"Ya wageni."

"Hao wageni kumi wamezaliwa na mama mmoja?"

"Yeyo, wewe funga tu, wazungu hawana shida."

"Wazungu hawana shida, ila mikono wanayo. Waite washuke."

Hawakushuka, na dereva aliondoka amekasirika. Hilo neno midiamu limenila maisha. Nimeulizia midiamu kwa wafugaji, kwa walimu, kwa mabibi harusi, na sijawahi kumkuta mtu aliye midiamu.

Kisha kuna vipimo vya mbali. Kutoka Wasso watu walikuwa wakinitumia uzi ndani ya bahasha aliyopewa kondakta wa basi. Uzi unafika baada ya safari ndefu ya vumbi, una mafundo matatu, na hakuna anayesema fundo lipi na lipi. Kijana mmoja wa Sale aliviringisha jani bichi la nyasi kwenye kidole cha mchumba wake, akalifunga vizuri sana, akalileta mwenyewe likiwa ndani ya kiberiti. Lilipofika kwangu lilikuwa limekauka, limejikunja, limekuwa pete ya mtoto mchanga. Nilimwambia nyasi hunywea. Akaniambia yeye ni mfugaji na nyasi anazijua. Nikamwambia basi anajua kwamba hunywea. Alicheka, akarudi Sale kupima upya, na huyo ni mmoja wa wachache ninaowakumbuka kwa wema. Siku hizi hawatumi uzi. Wanatuma picha ya mkono kwenye simu, wameuweka juu ya meza karibu na kalamu, wanasema, "Fundi, kadiria." Sikadirii. Na ninyi msikadirie.

Nafika sasa kwa Mzee Tluway wa Kansay, ambaye ndiye aliyenifanya nikabidhi ufunguo kabla sijapoteza akili.

Aliingia asubuhi moja akiwa na koti zito na fimbo, akasalimu watu wote karakana nzima mmoja mmoja, kisha akanijia.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, binti yangu." Mimi nina wajukuu, lakini yeye ni mkubwa kweli. "Nataka pete ya mama watoto. Kipimo nimekuja nacho."

Nikanyoosha mkono nipokee uzi. Akanipa kidole chake cha mwisho, cha mkono wa kushoto, kinene kama cha shahada cha mtu mwingine.

"Mzee, hiki ni kidole chako."

"Ndiyo. Kipimo kimo humo."

Akaketi, akanieleza kama mtu anayemweleza mtoto. Zamani akiwa anamchumbia mkewe, huyo mke alikuwa na pete ndogo ya shaba. Alimnyang'anya kwa utani, akaivaa kwenye kidole hicho cha mwisho, ikamkaa sawasawa, na akakaa nayo mpaka wazee walipomaliza maneno yao na binti akahamia kwake. Baadaye ilimpotea shambani akilima. Kwa hiyo, alisema, kidole cha pete cha mama na kidole chake cha mwisho ni kimoja.

"Hiyo ilikuwa lini, mzee?"

"Kabla mwanetu Emanueli hajazaliwa."

"Na Emanueli sasa ana miaka mingapi?"

"Mwanawe yuko sekondari."

"Basi vidole vimebadilika."

"Changu kimekua, chake kimekua. Tumekua pamoja."

Hesabu hiyo ilikuwa tamu kusikia. Lakini nilijua haiwezi kuzaa pete. Nikamwambia amlete mama mwenyewe. Hapo ndipo uso wake ulipobadilika, akaniambia jambo lenyewe.

Walikuwa wameoana kimila na hawakuwahi kufunga ndoa kanisani. Miaka yote wamekaa benchi la nyuma, watoto wao na wajukuu wakipita mbele kupokea komunyo na wao wamebaki wameketi. Sasa mama alikuwa mgonjwa, figo zinamsumbua, mwili unajaa na kupungua, na alikuwa ameomba kitu kimoja: apande mbele kupokea pamoja na mumewe akiwa bado anaweza kusimama kwa miguu yake. Emanueli akanunua pete mbili Arusha, za dukani, bila kumpima mtu. Siku ya mazoezi kanisani, pete ya baba iliingia. Ya mama ikagoma kwenye kifundo mbele ya kwaya nzima, na kijana mmoja wa kwaya akasema kwa sauti, "Bibi amekataa!" Watu wakacheka. Mama akaufunika mkono kwa kitenge, akatoka nje, na akasema hasimami tena mbele za watu kidole chake kikaguliwe. Katekista alikwenda kumwambia ndoa hufungwa hata pete ikikosekana. Akamjibu kwamba anajua, na kwamba bado hasimami. Ikabidi tarehe isogezwe.

"Kwa hiyo safari hii isigome," akasema Mzee Tluway. "Ikigoma tena, basi tena."

"Ndiyo sababu nataka kumpima."

"Nimeshakupa kipimo."

Tulibishana mpaka saa sita. Alipoondoka aliahidi kuleta kipimo cha kweli. Alirudi wiki iliyofuata na uzi, na ulikuwa uzi wa sweta.

"Mzee, uzi wa sufu unavutika."

"Niliuvuta kidogo ili ubane."

"Uliuvuta!"

"Kidogo."

"Na mama alisemaje ulipompima?"

"Hakusema. Alikuwa amesinzia juani."

"Ulipima kidole kipi?"

Hapo alitazama mikono yake yote miwili. "Cha mkono ule," akasema.

Niliweka uzi mezani, nikatoka nje, nikasimama barabarani mpaka malori mawili yakapita. Niliporudi nilimwambia nitakuja Kansay mwenyewe. Akasema, kwa upole wa mtu aliyeshinda, "Hilo ungelisema tangu siku ya kwanza, binti yangu."

Nilikwenda kwa bodaboda kukiwa bado na ukungu, kifungu cha pete za kupimia kikilia mfukoni kama njuga. Nilimkuta Mama Emanueli ameketi mlangoni pa nyumba, blanketi miguuni, anachambua maharage. Uso wake ulikuwa umejaa upande wa macho, na vidole vimekaza ngozi inang'aa.

"Wewe ndiye fundi uliyemkataa mume wangu mara mbili?" akaniuliza.

"Ndiye mimi, mama. Shikamoo."

"Marahaba. Mimi ningemkataa mara moja tu, nisingekuwa hapa nachambua maharage haya."

Nilimpenda palepale. Nikampima, ilikuwa saa moja. Nikaandika. Akaniuliza kama nimemaliza, nikamwambia bado, misa yao itakuwa saa ngapi? Saa nne. Basi nitapima saa nne, na tena saa nane nijue kinashuka kiasi gani.

"Utakaa siku nzima kwa ajili ya kidole?"

"Nitakaa."

"Basi chambua na wewe."

Tukachambua maharage. Alinieleza kwamba asubuhi huamka amejaa, na mchana hupungua, na siku nyingine hapungui. Hakulalamika. Alisema tu, "Kufa siogopi, watanizika kama nilivyo. Lakini nataka nipande mbele na huyu mzee mara moja, watu wa benchi la mbele wasogee watupishe." Saa nne nikapima, pete ilikuwa imeshuka namba moja. Saa nane imeshuka mbili, lakini kifundo kilibaki palepale. Nikakumbuka chumba kile nyuma ya soko, na daftari langu, na Fundi Athumani akinywa chai. Saa ya kuvaa ilikuwa saa nne. Nikaamua kufuata saa nne, nyembamba isiyobana, na vitone viwili kwa ndani vishike mchana mwili ukipungua. Mzee Tluway alipita akasema anataka iwe pana ili ionekane mpaka benchi la nyuma. Mkewe hakuinua kichwa. "Watu wa nyuma wataiona nikirudi," akasema.

Hapa sasa ndipo kosa langu lilipo, na naliandika kwa sababu ninyi hamkulijua. Wakati naondoka, mzee alikuwa amesimama njiani anamvuta dume la plau kwa kamba. Mkono wake wa kushoto ulikuwa umefungwa kitambaa, kuzunguka vidole. Nilikiona. Mimi ninayejisifu kwamba mtu akiingia mlangoni naangalia mikono kabla ya uso, nilikiona kitambaa kile. Nikamwuliza, "Na wewe mzee, nikupime?"

"Yangu iliingia siku ya mazoezi bila maneno. Wewe angalia kazi yako."

Bodaboda alikuwa anapiga honi. Nilikuwa nimekaa pale tangu saa moja, na mzee yule alikuwa ameshanichosha kwa kidole, kwa uzi wa sweta na kwa mkono ule. Nikasema, "Haya, mzee," nikapanda pikipiki.

Pete ya mama niliitengeneza mwenyewe, sikumpa mtu. Mnakumbuka, mliniona naipitisha kwenye mti mara ngapi. Siku ya ndoa nilikwenda kanisani na kifungu changu ndani ya mkoba, pamoja na kipande cha sabuni ya kutelezeshea pete kilichofungwa kwenye nailoni, nikaketi benchi la tatu. Nilimwona Mama Emanueli akiingia polepole, ameshika mkono wa binti yake, na nikatazama vidole. Vilikuwa vya saa nne. Nikashusha pumzi.

Mzee akaishika pete, akaitia kwenye kidole. Ilifika kwenye kifundo, ikasita kidogo kama inavyotakiwa kusita, ikapita, ikakaa. Kanisa lilipiga vigelegele mpaka padri akainua mkono. Mama aliutazama mkono wake, mara hii hakuufunika.

Kisha yeye akachukua pete ya mzee. Ikaingia nusu, ikafika kwenye kifundo, ikasimama.

Akasukuma. Mzee naye akasukuma kwa mkono wa kulia. Nilikiona kifundo kile kutoka benchi la tatu: kimevimba kama fundo la kamba, upande mmoja umekuwa wa buluu. Dume lilikuwa limemkaza kamba siku ile niliyokuwapo, na kitambaa nilikiona. Kutoka upande wa kwaya sauti ikasema, "Safari hii babu!" Wachache wakacheka, na mimi nikaingiza mkono kwenye mkoba nikaishika sabuni, na sikujua jinsi ya kusimama. Mtu hawezi kupita katikati ya misa na sabuni. Nilimtazama Mama Emanueli. Alikuwa amewahi kutoka nje ya kanisa hilohilo kwa kicheko kama hicho, na nilikuwa namwona ameanza kupumua kwa shida, binti yake anamsogelea amshike.

Akamwashiria binti asubiri. Akaichomoa pete. Akaushika mkono wa mumewe, akaugeuza kuutazama kama anayetafuta kitu alichokiweka mwenyewe, akaitia pete kwenye kidole cha mwisho. Ikaingia mpaka mwisho. Akasema kwa Kiiraqw, si kwa sauti kubwa, lakini ilisikika hadi kwetu: "Hapa ndipo ilipokuwa."

Padri aliutazama ule mkono, akatazama kitabu chake, akaendelea kusoma. Ulipofika wakati wa kupokea, watu wa benchi la mbele walisogea wenyewe bila kuambiwa. Walipita wawili pamoja, polepole, na waliporudi mama aliuweka mkono juu ya kitenge ili watu wa nyuma waione pete.

Nje, watu wakiwa wanapiga picha, nilimdaka mzee.

"Mzee, Jumatatu niletee pete yako niipanue."

"Kwa nini? Imegoma?"

"Imekaa kidole kisicho chake!"

"Binti yangu," akasema, akaniinulia kile kidole cha mwisho usoni kama siku ya kwanza, "nilikuambia kipimo kimo humo. Wewe hukutaka kusikia."

Nikamgeukia Mama Emanueli anisaidie. Alikuwa ameketishwa kwenye kiti, amechoka, anatabasamu. "Mwache, fundi," akasema. "Hicho kilishapimwa."

Hakuja Jumatatu. Hakuja Jumatatu iliyofuata, wala baada ya mama kwenda kulazwa na kurudi. Nilituma salamu kwa bodaboda mara mbili. Ya kwanza alinirudishia maharage, ya pili hakurudisha kitu. Katika daftari la vipimo, ukurasa wa mwisho wenye mwandiko wangu, mtakuta mstari huu: Tluway, Kansay. Mkono wa kushoto, kidole cha mwisho. Hakupimwa.

Akija, mpimeni. Hatakuja.